Panya Namba Kumi na Nne

Jumatatu, saa tano asubuhi, Mereana alisikia kitu kinaogelea ndani ya beseni lisilo na maji.

Beseni hilo kubwa alilikausha mwenyewe Ijumaa. Chumba kilinuka maziwa ya unga yaliyochacha, yale wanayoyachanganya na maji ili panya anayepimwa kumbukumbu asione jukwaa la kupumzikia lililofichwa chini, alikumbuke tu. Hakuogopa kwanza. Alikasirika, maana alijua ni panya yupi.

Ijumaa Profesa Croome alimdunga panya namba kumi na nne dawa mbili kwa pamoja. Moja huziba asetilikolini ubongoni, nyingine serotonini, kemikali mbili zinazosaidia kumbukumbu. Ukiziba moja, panya husahau kidogo tu, ile nyingine humbebea mzigo. Ukiziba zote, hajui hata kama aliwahi kulijua jukwaa. Sheria ya maabara hiyo ya mjini Nelson ilikuwa wazi: dakika moja ikiisha hajalipata, mshike umpeleke jukwaani. Croome akapokea simu, akatoka. Aliporudi, panya alikuwa amezama. Akamtupa kwenye pipa bila karakia, sala ya kumuaga, bila hata kunawa mikono baada ya kugusa mfu, jambo ambalo huku hata mlevi halisahau.

"Umemuua, halafu humwombei?" Mereana alimuuliza.

"Ni panya tu, bwana! Mambo ya shangazi yako yaache nyumbani."

Sasa shangazi huyo, Huia, ambaye Mereana alimwita, alisimama mlangoni na bakuli la maji, na ndani Croome alikuwa akitembea kando ya ukuta, bega likikwaruza rangi, jinsi panya wafanyavyo wasipojua pa kwenda, akaupita mlango uliokuwa wazi mara moja, mara mbili, mara ya saba, na kila alipopita, sauti ya kuogelea ilimfuata nyuma ya visigino.

"Ni kehua, mzuka wa yule panya, roho yake haikuagwa," Shangazi Huia alinong'ona. "Huyu bwana atamke alichofanya kwa kinywa chake, anawe, imwachie."

"Profesa!" Mereana alifoka. "Sema ulichofanya Ijumaa!"

Croome alisimama. Shati lake lilikuwa linachuruzika maji. "Ijumaa? Nilifanya nini?"

"Usijifanye mjinga wewe! Namba kumi na nne!"

"Samahani, mama. Mlango uko wapi?"

Mkono wake ulikuwa umeshika mwimo wa mlango.

Shangazi aliliweka bakuli sakafuni. "Imemnyang'anya kumbukumbu ya kosa lenyewe, mwanangu. Sasa ataungama nini?"

Mereana akamkamata Croome mkono, akamburuta hadi nje ya chumba, huku akilia kwa hasira, kwa sababu mtu huyu hata adhabu yake haijui.

"Yule panya hakupata mkono huu! Unasikia? Hakupata!"

"Ahsante sana," Croome alisema kwa adabu, kama mgeni. Kisha akaegemeza bega kwenye ukuta wa ukumbi, akaanza kuutafuta mlango.