Nimetoka, Washa

Rilei namba sita ililia tak wakati waya wake bado uko mkononi mwa Odeta. Rilei ni swichi ndogo tu, haina akili. Hulia ikipewa umeme, na hii ilikuwa haijapewa kitu. Kisha kwenye paneli ikapanda harufu ya magugu ya ziwani yaliyooza, na ndani yake harufu ya sabuni aliyokuwa akiogea Mihayo.

Mihayo alikuwa mumewe. Alikufa miezi miwili nyuma, hapo hapo kwenye kiwanda cha barafu, ufukweni nje kidogo ya Mwanza. Kazi yao ilikuwa ya watu wawili: Odeta kwenye paneli anawasha namba moja moja, Mihayo kwenye kibanda cha pampu anatazama kama mashine inaitika. Haiwashwi mpaka aliye kwenye pampu aseme kwa redio, "Nimetoka, washa." Siku ile walikuwa wamenuniana tangu chai ya asubuhi, kwa jambo ambalo hata mtoto angelicheka, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze kusema. Odeta akasikia spana ikigonga bomba. Akadhani mume anagonga kwa kiburi, kumjulisha kuwa ametoka. Akawasha. Mihayo alikuwa bado ndani anakaza nati, na mkanda wa pampu ukamvuta.

Msibani Odeta alisema mumewe aliyatamka maneno yale. Wakamwamini.

Kwa hiyo rilei ilipolia peke yake, hakumwambia mtu kiwandani. Alikwenda kwa Bi Hadiya, mganga wa mtaani kwao, akamweleza yote.

"Huyo si mumeo," Bi Hadiya alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini la ziwani. Limeingia kwa hilo unaloficha. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Mwambie mwenye haki ya kusikia, litatoka."

"Nitaweza, Bi?"

"Sijui. Wengi hawawezi."

Ijumaa, saa nne asubuhi, bodi mpya ya rilei, ile aliyokuwa akiiunganisha Odeta, ilikuwa tayari kujaribiwa. Kwenye pampu alikuwa Yeremia, mdogo wake Mihayo.

"Shemeji, bado niko ndani," alisema kwenye redio. "Mkanda umelegea. Usiwashe."

"Sawa."

Redio ikakoroma, ikaja sauti nyingine, ya taratibu. "Nimetoka, washa."

Ilikuwa sauti ya Mihayo.

"Ode," ikasema, "halikuwa kosa lako. Nimekusamehe. Washa namba sita, yaishe."

Miezi miwili alikuwa ameililia kauli hiyo, ameiomba kanisani na jikoni na kitandani upande ule mtupu, na sasa imekuja, laini, kwa sauti ya mwanamume aliyempenda, na kidole chake kikaanza kwenda chenyewe kwenye swichi, na ile sabuni ikamjaa puani, na rilei zote nane zikawa zinalia tak tak tak kumharakisha, na kule kwenye pampu shemeji yake ameinama juu ya mkanda, mikono yote miwili ndani, anapiga mluzi.

Odeta akaiuma midomo mpaka damu. Akabonyeza redio.

"Yeremia. Kaka yako hakusema ametoka. Nilisikia spana, nikawasha. Nilikuwa nimenuna. Niliwadanganya wote."

Rilei zikanyamaza kwa pamoja. Upepo baridi ukapita kwenye paneli ukatoka dirishani, ukaondoka na harufu zote mbili. Mluzi nao ulikuwa umekatika.

"Mama anajua?" Yeremia aliuliza.

"Hajui."

"Anakuombea kila siku, wewe. Leo tunakwenda kwake Magu. Utamwambia mwenyewe."

Odeta akaweka redio mezani. Jini lilikuwa limekwenda, alijua, na alipaswa kushukuru. Badala yake aliisogelea bodi, akaita jina la mumewe kwa kunong'ona, akamwomba aseme tena ile kauli, mara moja tu. Hakuna kilichojibu.