Difu Iliyochoka

Kila Jumanne na Ijumaa, Dada Mkubwa alimpeleka baba yake hospitali. Figo za mzee zilikuwa zimeacha kazi. Damu yake ilisafishwa kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu huvimba na pumzi hukatika.

Njiani kulikuwa na mlima wa udongo mwekundu. Ukilowa, unateleza kama sabuni. Gari lao lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa halijawahi kushindwa na mlima huo. Siku za karibuni lilianza kunguruma likikata kona.

"Kaka, njoo usikie," alisema Dada Mkubwa.

Kaka yake alicheka. "Si linatembea? Acha kulitafutia maradhi!"

Ijumaa moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walipofika katikati ya mlima, gurudumu moja la nyuma lilianza kuzunguka bure. Likarusha matope. La pili lilisimama tu. Gari likakwama, kisha likaanza kurudi nyuma.

"Breki!" Mzee alipiga kelele.

"Nimekanyaga, Baba! Halishiki!"

Gari liliserereka kuelekea korongoni. Dada Mkubwa alifumba macho. Kishindo! Gurudumu lilikuwa limegonga jiwe, hatua moja tu kutoka ukingoni.

Wafyatua matofali walikuja mbio. Walisukuma gari mpaka juu. Hospitalini walifika kwa kuchelewa mno. Mzee alikuwa anahema, midomo imebadilika rangi. Muuguzi alimkimbiza ndani bila hata salamu.

Mzee alinusurika siku ile. Lakini usiku huo Dada Mkubwa hakulala vizuri. Kesho yake alikwenda kwa jirani, fundi wa magari aliyeitwa Mama Spana. Kaka alimfuata.

Mama Spana alilala chini ya gari. Alifungua kizibo cha difu, lile boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Oili ilitoka nyeusi, inametameta.

"Mnaona? Huo ni unga wa chuma. Oili hii ilibadilishwa lini?"

Hakuna aliyejua.

"Difu yenu si ya kawaida," alisema Mama Spana. "Gurudumu moja likiteleza, gia zake zinabanana, zinapeleka nguvu kwa lile linaloshika. Ndiyo maana mlikuwa mnapanda mlima."

"Sasa mbona jana ilikataa?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Imelika, mwanangu. Kubanana ni kusuguana. Gia na wosha zake, zile pete bapa za chuma, zinalika kidogo kidogo, miaka na miaka. Oili safi inazilinda. Oili chafu inazisugua kama msasa." Alipiga tairi moja kwa kiganja. "Na hili? Mbona ni kubwa kuliko mwenzake?"

Kaka aliinamisha kichwa. "Nilibadilisha moja tu. Kosa ni langu."

"Basi magurudumu yalizunguka kwa kasi tofauti, gia zikawa hazipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Tairi za nyuma zilingane. Oili iwe ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na ibadilishwe kwa wakati. Mkisikia mngurumo, njooni siku hiyohiyo."

Gia zilikuwa bado nzima. Mama Spana aliweka wosha mpya na oili mpya. Kaka alileta tairi mbili zinazofanana, akazifunga mwenyewe.

Jumanne mvua ilinyesha tena. Mlimani, gurudumu la kushoto liliteleza. Dada Mkubwa alibana meno, akakanyaga mafuta taratibu. La kulia likashika. Gari likapanda, polepole, mpaka juu.

"Leo mmewahi!" alisema muuguzi. "Hata kitanda sijatandika."

Mzee alijilaza, akamtazama binti yake.

"Mama, kakae unywe chai. Mikono yako bado imeshika usukani."

Dada Mkubwa aliitazama mikono yake. Akaanza kukunjua vidole, kimoja kimoja.