Barua Iliyoatamiwa na Kuku

Kila Ijumaa alasiri, kabla wanafunzi hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, Mwalimu Cephas alisimama mbele ya mistari na kuita majina ya wenye barua. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka miwili tu, na Kisegi haikuwa bado na posta. Barua za kijiji kizima zilipitia sanduku la shule lililokuwa Homa Bay, zikaja na lori la pamba, kisha kila mtoto akabeba za watu wa kwao. "Kwa Mzee Dishon!" mwalimu angeita, na Phelesia angechomoka mstarini mbio.

Phelesia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa na macho makali, na masikio makali zaidi. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto yule husikia chungu kikifunuliwa kijiji cha pili. Basi tangu Januari macho na masikio hayo yalikuwa na kazi moja: kumchunguza dada yake, Roselyn.

Roselyn alikuwa amemaliza kidato cha sita. Asubuhi alipalilia mtama pamoja na mama yao. Baada ya chakula cha mchana alinawa miguu, akavaa gauni lake la buluu na kupanda kilima hadi misheni ya Wakatoliki, alikoishi Sista Odile, mtawa kutoka Ubelgiji.

"Namsaidia Sista kuandika kadi za wagonjwa," alisema kila alipoulizwa.

Phelesia hakuridhika. Ni nani huandika kadi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, siku baada ya siku, na vidole vyake visiguswe na hata tone la wino? Alivikagua vidole vya Roselyn kila jioni wakati wa kula, na kila jioni alivikuta safi. Hilo peke yake lilimkosesha raha.

Siku moja akamwona dada yake nyuma ya ghala. Alikuwa ameketi chini na mikebe miwili mbele yake, mmoja umejaa maharagwe, mwingine una machache. Amefumba macho. Midomo ilicheza, ikatoa maneno ambayo hayakuwa Kijaluo, wala Kiswahili, wala Kiingereza. Kisha alichukua haragwe moja, akalitia mkebe wa pili, akaanza tena. Phelesia alipiga chafya. Roselyn akafumbua macho na kuifunika mikebe kwa upindo wa gauni.

"Unafanya nini, dada?"

"Nachagua maharagwe."

"Huku umefumba macho?"

Roselyn alicheka kicheko kifupi, akanyanyuka na mikebe yake akaenda zake. Phelesia alibaki pale akiitazama njia.

Kesho yake alimsimulia rafiki yake, Priscilla, ambaye wazazi wake walikuwa Wakatoliki.

"Mbona ni rahisi!" Priscilla alisema. "Nyanya yangu husali rozari vivyo hivyo. Punje moja, sala moja. Na shangazi yangu alianza kama dada yako. Alikuwa akienda misheni kila siku, halafu ikaja barua, akapelekwa Uganda kuwa mtawa. Sasa tunamwona mara moja kwa mwaka."

Priscilla aliyasema hayo kwa fahari. Phelesia aliyasikia kwa hofu. Kwao walikuwa Wasabato, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Lakini si dini iliyomtia hofu hasa. Roselyn ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kuandika herufi za mkaa ukutani. Ndiye aliyemsuka nywele kila Ijumaa kabla jua halijazama. Huyo aondoke, arudi mara moja kwa mwaka? 

Jioni ile alimnong'oneza mama yake yote. Mama alikuwa anasonga ugali, akausimamisha mwiko katikati ya sufuria.

"Uwi! Mtoto wangu awe mtawa, nami nisipate hata mjukuu mmoja?" alipaza sauti. "Barua ya hao masista ikikanyaga ndani ya boma hili, nitaitia motoni!"

Baba alikuwa nje akinoa jembe. Aliyasikia maneno hayo, akakohoa, akaendelea kunoa. Hakuna hata mmoja aliyemwita Roselyn na kumwuliza. Walianza tu kumtazama. Akicheka, walijiuliza anacheka nini. Akinyamaza, walijiuliza anaficha nini.

Barua ilifika mwezi wa Agosti. Ilikuwa bahasha ndefu ya kaki, jina limepigwa kwa taipu, na pembeni kuna mhuri wa Kampala.

"Hii mpe dada yako mkononi, leo hii," Mwalimu Cephas alisema, na akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Phelesia. Kumbe hata mwalimu yumo!

Njiani aliinua bahasha juani asione kitu. Kampala ni Uganda, na Uganda ndiko alikopelekwa shangazi yake Priscilla. Kuifungua aliogopa, kwa sababu kusoma barua ya mtu ni dhambi. Kuificha hakukumbuka kwamba nako ni dhambi. Alifika nyumbani, akaingia jikoni ambako kuku mwekundu alikuwa anaatamia ndani ya kapu kuukuu, akaisukuma bahasha chini ya majani, chini ya mayai. Kuku yule alikuwa mkali, na hata Mama alimpisha.

"Hakuna barua yangu?" Roselyn aliuliza jioni ile, akimsuka.

"Hakuna."

Ijumaa iliyofuata aliuliza tena, na sauti yake ilikuwa imepungua. Phelesia alijibu vilevile. Usingizi wake haukuwa mzuri siku hizo, lakini alijiambia kwamba anamwokoa dada yake.

Sabato ya kesho yake, watu walipotoka kanisani, Mwalimu Cephas aliwasogelea.

"Ehe, Roselyn. Safari ya keshokutwa umeipangaje?"

"Safari gani, mwalimu?"

Mwalimu alishangaa. "Barua ya chuo kikuu cha Kampala hukuipata? Nilimpa Phelesia siku nane zilizopita!"

"Chuo kikuu?" Baba aliuliza. "Japuonj, mwalimu wetu, hebu tuelezane vizuri. Mimi huyu binti najua anaandika kadi misheni."

Hapo ukweli ukatoka wote, ukweli ambao Roselyn aliuficha asije akaaibika akikataliwa. Roselyn alikuwa ameomba nafasi ya kusomea mambo ya kimataifa, yaani jinsi nchi zinavyopatana, zinavyofanya biashara na zinavyogombana. Sharti la masomo yale lilikuwa kwamba kila mwombaji aonyeshe kuwa anaimudu lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza. Shuleni kwao haikufundishwa hata moja. Ndipo Mwalimu Cephas alipomkumbuka Sista Odile, ambaye Kifaransa ni lugha ya mama yake.

"Miezi minane ameisoma lugha hiyo, Mzee Dishon. Kila haragwe ni neno. Akilikumbuka, linahama mkebe. Akilisahau, linarudi. Nchi yetu ni changa, inataka watu wa kwenda kusema na mataifa. Jumatatu waombaji wa wilaya hii wanatahiniwa Homa Bay. Mahali na saa vimeandikwa katika barua, pamoja na namba yake. Bila barua hiyo hawatampokea."

Roselyn alimgeukia mdogo wake. "Phelesia, barua iko wapi?"

Watu wanne walimkodolea macho. Ulimi ukamteleza. "Nili... niliiweka mezani."

Hakumtaja mtu, lakini ilikuwa kana kwamba amemtaja. Polepole Baba alimgeukia Mama. Roselyn naye akamgeukia. Baba alikumbuka maneno yaliyopazwa jikoni.

"Mama Roselyn," Baba alisema kwa sauti ya chini, "ulisema utaitia motoni."

"Nilisema. Lakini sikuiona barua yoyote."

"Barua haina miguu."

Walirudi nyumbani. Mama alipakua chakula cha Sabato kilichopikwa jana yake, samaki na mtama. Roselyn alikitazama, akaisogeza sahani pembeni. "Sina njaa," alisema, akaenda kulala kifudifudi.

Hakuwahi kukikataa chakula cha mama yake, hata akiwa mgonjwa. Mama aliichukua sahani ile, akaenda kuketi mlangoni pa jiko, mgongo ameuegemeza ukutani. Phelesia alimfuata, akasimama mbali kidogo. Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe: mama yake analia. Alilia bila sauti, huku akichambua miiba ya samaki ambaye hakuna aliyemtaka.

"Nilimzaa mimi," alisema kama anayezungumza na sahani. "Nilimbeba mgongoni kutoka hapa hadi hospitali ya Homa Bay alipougua surua. Leo anadhani naweza kumchomea barua."

Phelesia hakuweza kuvumilia. Alimpita mama yake, akatumbukiza mkono kapuni. Kuku alimdonoa mara tatu, damu ikamtoka, asijali. Aliitoa bahasha ikiwa imebandikwa majani na mavi ya kuku, akapiga magoti.

"Mama, ni mimi. Niliificha mimi. Nilidhani watamchukua awe mtawa, asirudi tena. Nikasema uongo, na wewe ukasingiziwa."

Mama aliitazama barua, akamtazama mtoto. Mkono uliinuka, na Phelesia akafumba macho akisubiri kofi. Kofi halikuja. Mkono ule ulimshika bega na kumsimamisha.

"Mpelekee mwenyewe. Na useme mbele ya baba yako kama ulivyosema mbele yangu."

Alisema. Kila neno lilimtoka kama mwiba wa samaki kooni. Roselyn alipomaliza kusikia, hakuigusa barua kwanza. Alitoka, akaenda jikoni, akaketi kando ya mama yake na kuomba ile sahani. Alikula hadi ikabaki mifupa.

Jumapili Baba na Roselyn walipanda lori la pamba. Walirudi Jumanne, na Baba, ambaye kwa kawaida maneno yake huhesabika, hakunyamaza hata alipokuwa anavua viatu.

"Yule bwana mtahini alipoishika barua, akainusa! Akasema kitu kwa Kifaransa. Kumbe anauliza barua hii imepita wapi. Roselyn akaanza. Akaeleza, akaeleza, yule bwana akaweka kalamu chini. Mahali pamoja neno likampotea, hakujua 'kuatamia' inaitwaje. Basi binti yangu akachuchumaa pale pale, akapanua mikono, akawa kuku! Yeye na watahini wenzake wakacheka hadi wakatoa leso. Nami pale mlangoni nikacheka, na sikuelewa hata neno moja."

Wote walicheka, isipokuwa Phelesia. Yeye aliutazama mkono wake wenye alama tatu za mdomo wa kuku.

Wiki nne zilipita. Ijumaa moja Mwalimu Cephas aliita, "Kwa Mzee Dishon!" Phelesia hakutoka mstarini. Wanafunzi waligeuka kumtazama, maana habari za kuku zilikuwa zimeenea kijiji kizima.

"Mwalimu, mpe Priscilla aipeleke," alisema akiwa ameinama.

"Mama yako alikuja hapa jana," mwalimu alijibu. "Amesema barua za nyumba yake zibebwe na Phelesia, si mtu mwingine. Njoo uichukue."

Alikimbia njia nzima bila kusimama, bahasha ameishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nyingine ya kaki, na mhuri wake ni wa Kampala. Alimkabidhi Roselyn mkononi. Roselyn alisoma mstari wa kwanza, akapiga ukelele hata kuku wakatawanyika. Amepata nafasi!

Shangwe ilipotulia, Mama aliwaita mabinti wake wote wawili waketi mbele yake.

"Usilolijua ni usiku wa giza," alisema. "Katika nyumba hii tulitembea gizani miezi minane, kila mtu akimwogopa mwenzake, na taa ilikuwa karibu: kuuliza tu. Wewe, Roselyn, ulipanda siri. Wewe, Phelesia, ukaipalilia kwa shaka na ukaimwagilia uongo. Mimi nikaongeza mbolea kwa mdomo wangu, na mimi ndiye niliyevuna. Ukiwa na shaka na umpendaye, nyathina, mwanangu, mwulize. Na ukishakosa, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalipia."

"Nimesikia, Mama," Phelesia alisema. Kisha akamgeukia dada yake, na safari hii akauliza waziwazi lile lililokuwa likimsumbua tangu Januari.

"Utarudi lini?"

"Kila likizo," Roselyn alijibu, akamvuta karibu na kuanza kumsuka, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa bado halijazama.