Glasi ya Baraka ya Babu Silvanus

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Germana alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Alimletea Babu Silvanus kipimo cha sukari, akamchoma kidole kwa sindano ndogo, kisha akasoma namba kwa sauti. Namba ikiwa nzuri, Babu aliimba. Ikiwa mbaya, alidai kipimo kimezeeka.

Germana alikuwa na miaka kumi na miwili. Waliishi Karatu mjini, karibu na soko: yeye, kaka yake Isaya, mama yao Angela, na Babu, aliyehamia kutoka Endamarariek baada ya kugundulika kuwa ana kisukari. Babu alipenda kusema maneno matamu, na alipenda vitu vitamu vilevile. Hilo la pili ndilo lililomletea shida.

Katika ukoo wao, sherehe haianzi bila mzee kutoa baraka. Mzee husimama na kinywaji mkononi, huomba mvua, ng'ombe na watoto, na watu wote huitikia kwa mguno mmoja mzito. Akimaliza, yeye hunywa wa kwanza. Kabla yake hakuna anayethubutu kugusa glasi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Babu Silvanus. Lakini sasa daktari alikuwa amemkataza pombe, na soda pia. Kwenye harusi moja kule Mbulumbulu, wenye sherehe walimpa kikombe cha maji, na vijana wakacheka. Babu aliona aibu. Alijificha nyuma ya nyumba, akanywa soda mbili za machungwa, akalazwa hospitali siku tatu.

Sasa zilibaki wiki mbili Isaya apate kipaimara.

"Baraka mtafutieni mtu mwingine," Babu alisema wakati wa chakula. "Mimi sisimami tena mbele za watu na maji ya bomba, kama mtu anayemeza kidonge."

Isaya aliinama akaanza kufunga kamba za viatu, na Germana alijua kwamba kamba zile zilikuwa zimefungwa vizuri. Alimhurumia sana kaka yake.

Mama yao alifanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii, barabara ya kwenda Ngorongoro. Kazi yake ilikuwa kuwachanganyia wageni vinywaji.

"Mama, mgeni asiyetumia pombe wala sukari mnampa nini?" Germana aliuliza walipokuwa wakiosha vyombo.

"Tunamtengenezea mokteli. Tunachanganya viungo, majani na matunda kwa ustadi, mpaka mtu anapiga picha kwanza ndipo anywe."

"Ya Babu tunaweza kuitengeneza hapa nyumbani?"

Mama alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Kalete maua makavu ya choya, tangawizi, mdalasini, mnanaa na limau," alisema.

Walianza siku hiyohiyo. Mama alimwonyesha jinsi ya kuchemsha choya mpaka maji yawe mekundu sana, na kuponda tangawizi kidogo. Alimfundisha kuchoma kijiti cha mdalasini kwenye kaa la moto mpaka kitoe moshi wenye harufu nzuri, na kusugua ganda la limau kwenye mdomo wa glasi. Mwisho kabisa huongezwa maji ya gesi, ili mapovu yapande.

"Sukari inafunika makosa yote ya mpishi," Mama alisema. "Ukiiondoa, harufu, ukali na mapovu lazima vifanye kazi. Usivikimbize."

Siku ya kwanza Germana alizidisha tangawizi. Isaya alikohoa mpaka jirani akauliza kama kuna mgonjwa. Siku ya pili aliunguza mdalasini. Siku ya tatu Mama alionja, akaonja tena. Jioni ile Babu alipewa habari, na akakubali kutoa baraka.

Siku ya kipaimara, uani kulijaa watu, wakiwemo wale vijana wa Mbulumbulu waliomcheka Babu. Mama alikuwa kwenye sufuria za pilau, kwa hiyo kinywaji kiliachwa mikononi mwa Germana. Goodness, rafiki yake wa darasani, aliingia jikoni akaomba kuonja.

"Mama yangu, kali hii!" alisema huku uso umemkunjika. "Watamcheka tena babu yako."

Goodness alitoka kwenda kucheza, lakini maneno yake yalibaki. Germana aliwakumbuka wale vijana wa Mbulumbulu. Macho yake yakaangukia chupa ya asali ya msituni, zawadi ya rafiki wa Babu. Asali si sukari, alijiambia. Asali ni dawa. Si Babu mwenyewe husema hivyo kila mara mtu akikohoa? Lakini kama alikuwa na uhakika, kwa nini alitazama mlangoni kabla ya kufungua kifuniko?

Alitia vijiko sita kwenye jagi alilokuwa amelijaza kutoka kwenye sufuria. Kinywaji kikawa kitamu ajabu.

Anti Lightness, jirani yao ambaye ni muuguzi, alimkuta anapanga glasi. "Hongera, mwanangu. Umetia nini humo?"

"Viungo tu," Germana alijibu haraka. "Haina sukari hata kidogo."

"Safi sana. Basi Babu anywe hata glasi mbili." Anti Lightness alishusha sauti. "Niliogopa utakuwa umetia asali. Watu wengi hudhani asali haina neno. Wiki iliyopita tumempokea mzee mmoja hajitambui kwa sababu ya kudhani hivyo hivyo."

Germana aligeuka upesi kulichukua jagi. Halikuwepo. Isaya alikuwa amelipeleka uani.

Alikimbia. Babu alikuwa amekwisha kusimama, amevaa koti lake jeusi, glasi nyekundu inang'aa mkononi. Alikuwa akiomba mvua, na watu wakiitikia. Tangu azaliwe, Germana alikuwa hajawahi kuona mtoto akimkatiza mzee kwenye baraka. Alijua wote watamgeukia, na alitamani ardhi immeze. Babu aliomba ng'ombe. Akaomba watoto. Akainua glasi.

"Babu, usinywe!"

Mguno ukakatika, hata sufuria za pilau zikasikika zikichemka.

"Nimetia asali," Germana alisema, machozi yakimtoka. "Anti aliniuliza nikamdanganya. Niliogopa watakucheka. Nisamehe, Babu."

Babu aliiweka glasi mezani taratibu. "Isiyo na asali ipo?"

"Ipo jikoni, kwenye sufuria. Lakini ni kali."

"Nenda kalete. Mimi nasubiri hapahapa."

Na kweli alisubiri amesimama, na wageni wote wakasubiri naye. Germana aliosha glasi, akachoma mdalasini, akasugua ganda la limau, akamimina choya na maji ya gesi, akaweka jani la mnanaa juu. Hakukimbiza kitu.

Babu aliendelea na baraka pale alipoachia. Akamwombea Isaya, akamwombea pia mtoto aliyepaza sauti. Watu waliitikia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kisha akanywa. Uso ulimkunjika, jicho moja likafumba, halafu akacheka kwa sauti.

"Hiki kina meno!" alisema. "Hiki ndicho kinywaji cha mzee."

Isaya alikuwa wa pili kunywa, na hakukohoa. Wale vijana wa Mbulumbulu nao waliomba glasi zao, na sufuria ikaisha kabla ya pilau.

Asubuhi iliyofuata, Germana alisoma namba: sita nukta moja. Ilikuwa nzuri, lakini Babu hakuimba. Alimshika mkono akamketisha karibu yake.

"Jana nilikasirika, sitakuficha," alisema. "Kutojua habari za asali si kosa lako, hata mimi sikujua. Kosa ni kusema viungo tu. Mgonjwa haoni kilichomo kwenye glasi, mjukuu wangu. Anamwona tu aliyemwandalia. Mimi ningekunywa yote kwa sababu ni wewe uliyeiandaa."

"Hutaniamini tena, Babu?"

Babu alinyoosha kidole chake kilichochomwa, bado kina tone dogo la damu. "Kesho asubuhi nitampa nani hiki?" aliuliza. Ndipo akaanza kuimba.