Kichwa Cheupe cha Plastiki

Rafiki yangu hupiga picha za CT hospitalini, na si mtu wa porojo. Hili alinieleza mwenyewe.

Alikuwa akimsaidia daktari wa pua kupima njia za hewa za watu. Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, huijaribu mashine kwa kichwa cha plastiki, kilichojaa ndani kama jiwe, kisicho na tundu hata la sindano. Siku hiyo daktari akachungulia kompyuta.

"Mgonjwa keshaingia? Maskini, pua ya kushoto imeziba."

"Ni kile kichwa, daktari."

"Usinichezee asubuhi yote hii. Rudia."

Akarudia. Kwa mazoea akabonyeza na sauti iliyorekodiwa ya kuwaelekeza wagonjwa. "Vuta pumzi," ikasema. Kwenye spika ya chumba cha mashine wakasikia hewa ikivutwa taratibu, ikipiga mluzi upande mmoja, kama ya mtu mwenye mafua.

"Shika," sauti ikaendelea.

Kimya. Hapo hapo umeme ukakatika.

Chumba hakina dirisha la nje. Walikaa gizani wakisikiliza, hakuna aliyethubutu kusogea. Umeme uliporudi, mashine ilikuwa imejizima kabla sauti haijafika kwenye neno la mwisho, "Pumua".

Daktari aliondoka bila kuaga. Rafiki yangu alikifungia kichwa kabatini, mle mle chumba cha mashine.

"Nifanyeje?" aliniuliza. "Nikikiruhusu naogopa, nisipokiruhusu naogopa vilevile."

Wagonjwa sasa huwaelekeza kwa ishara ya mkono, bila ile sauti. Ni wiki ya tatu, na kichwa bado hakijaambiwa kipumue.