Mistari ya Nyuma ya Mihogo

Rhobi aliamshwa tena na sauti ya mama yake akiimba nyimbo za kwaya huku akifagia uwanja. Sauti hiyo ilikuwa imepotea kwa wiki kadhaa, tangu mama huyo, Yunis, alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi huko Mwanza. Sasa kidonda kilikuwa kimepona, na nyumba yao ya Nyasura, mjini Bunda, ilichangamka. Baba, mzee Mwandu, alirudia utani wake wote wa zamani, hata ule usiochekesha.

Lakini daktari alimtaka mama arudi Jumatatu kuanza dawa za kudungwa mshipani, za kuua mabaki ya ugonjwa yasiyoonekana kwa macho. Kila alipoulizwa kuhusu safari hiyo, mama alijibu kwamba amepona, kisha akabadili mazungumzo. Rhobi alikuwa darasa la sita, hakuwa mtoto wa kupumbazwa. Aliogopa ugonjwa ungerudi, na hakujua amwambie nani.

Siku hizo pamba ilikuwa imeshavunwa, ikabaki kazi ya kung'oa mashina na kuyachoma. Rhobi alipewa kipande cha karibu na nyumba. Mistari ya mbele aliing'oa kwa bidii. Ile ya nyuma ya mihogo, ambayo mtu akiwa uani haioni, aliiacha akaenda kuruka kamba na rafiki yake Prudence. Jioni alisema amemaliza.

Jumamosi shangazi Wankyo alifika kutoka Butiama ili amsindikize mama hospitali. Mama alimwambia hakuna haja ya safari, akamchukua Rhobi waende kuchuma kisamvu cha mgeni. Walipozunguka nyuma ya mihogo, mashina ya pamba yalikuwa yamesimama wima.

Rhobi aliangalia vidole vya miguu yake. Mama alichuma kitumba kikavu cha pamba, akakipasua. Funza mdogo alijikunja ndani.

"Unaona? Mtu akisimama uani anasema shamba safi, kumbe adui amelala huku anasubiri mvua. Kazi ya pamba haiishagi kwa kuvuna, Rhobi. Ukiacha mabaki, umejidanganya mwen..."

Hapo mama alibaki akimkodolea macho yule funza.

Mkosaji hana mdomo, Rhobi alilijua hilo. Lakini hofu ya kumpoteza mama ilizidi hofu ya fimbo.

"Nisamehe mama, nilidanganya. Nitang'oa yote leo. Lakini si ndivyo daktari alivyokwambia na wewe?"

Mama aliketi kwenye tuta. Kwa mara ya kwanza alikiri kwamba anaogopa, maana amesikia dawa hiyo inatapisha na kunyonyoa nywele. Shangazi, aliyekuja kufuatilia kisamvu chake, alikuwa amesikia yote.

"Nywele zinaotaga tena, wifi," alisema. "Hayo mengine tutamwuliza daktari."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akasema amekamatwa na maneno yake mwenyewe. Jua halijazama, Rhobi alikuwa amemaliza mistari yote, na mama ndiye aliyewasha moto. Jumatatu mawifi hao wawili walipanda basi la Mwanza.

Matibabu hayakuwa lelemama. Mama alitapika, akachoka, nywele zikanyonyoka. Baba naye akanyoa kipara ili mama asiwe peke yake, na watoto wa jirani wakapata cha kucheka. Lakini pamba mpya ilipopasuka, dozi zilikuwa zimekwisha, vipimo vilikuwa vizuri, na nywele za mama zilikuwa zinaota, laini kama manyoya ya kifaranga. Kliniki bado alikwenda kila alipopangiwa.

Asubuhi ya kuanza kuvuna, mama alimwita Rhobi.

"Mwanangu, kazi ni mpaka mwisho wake, hata pale pasipoonekana. Ulidanganya, ila uliposema ukweli, nami nilipata nguvu ya kusema wangu. Ukiogopa, sema, upate wa kukusaidia."

Rhobi aliitikia kwa furaha. Mama akamkabidhi gunia, akitabasamu.

"Leo anzia nyuma ya mihogo."