Mbuzi Watatu Mbele ya Redieta

“Haiingii!”

“Sukuma kidogo.”

“Munyoki, nimesukuma mpaka kidole kimechubuka. Haiingii!”

Ilikuwa Alhamisi mchana, ndani ya kibanda changu cha kuunda kompyuta hapa Pipeline, chini kabisa ya gorofa. Hata nikilalamika hivyo, nilikuwa na furaha ya kichizi. Jumamosi hii kompyuta ilikuwa inaenda ukumbini Donholm, kwa mashindano ya gemu ya Eastlands nzima, iwekwe mezani kila mtu aione. Kompyuta ya kupozwa na maji, na kasha lake la mbao, kioo upande mmoja tu! Mitambo yote niliunganisha mimi, Nafula binti Wekulo. Kasha lilichongwa na Munyoki, mchonga vinyago wa Majengo, kijana mpole mpaka anaudhi. Nilimpenda, na nilijua ananipenda, lakini tangu tuanze hii kazi hakuna aliyefungua mdomo. Nilikuwa nangoja aseme yeye, na nilikuwa nimechoka kungoja.

Redieta ya juu ilikuwa imekaa tulii. Ya mbele ndiyo iligoma. Ikiwa peke yake, sawa. Ukiifunga feni zake, inagonga kibao cha mbele na kukwama.

“Ulipima vibaya,” nikamwambia.

Akatoa simu, akanionyesha meseji yangu mwenyewe.

“Soma. ‘Unene wa redieta ndio huu.’ Feni umezitaja wapi?”

“Si feni ni lazima! Nani haweki feni?”

“Mimi ni mchonga vinyago, Nafula. Nachonga nilichoambiwa. Na kasha zuri ni lile linalobana kitu chake.”

“Haya, tuone hicho kibao. Kwanza mbona umekifunga na leso?”

“Hapana! Hicho ni cha kufunguliwa mashine ikishawaka.”

Mimi ukiniambia hapana, ndio mikono inawasha. Nikafungua.

Weh! Mbuzi. Mbuzi watatu wamechongwa kwa mti mzito, wamefuatana, mbele dume na ndevu zake, nyuma majike wawili. Kazi safi, siwezi kudanganya. Lakini hapakuwa na tundu hata la sindano.

“Munyoki, hewa itapitia wapi?”

“Hewa ya nini? Si ulisema inapozwa na maji?”

“Maji yanapoza prosesa, na hewa inapoza maji! Yanatoka huko yamepata moto, yanapita kwa redieta, feni zinayapuliza, yanarudi yamepoa. Tukiziba hapa mbele tunapika uji!”

“Sikujua.”

“Na mbuzi wa nini sasa? Nimefungua buchari?”

Akakigeuza kibao kwenye mwanga, mbuzi wakanitazama. Mimi na kiherehere changu cha Jumamosi nikashika drili.

“Nafula, ngoja. Umewaangalia vizuri?”

“Nimewaangalia. Wako watatu, ni wazuri, na wataniunguzia mashine.”

Nikatoboa. Dume, tumboni, mpaka upande wa pili.

Munyoki akachukua patasi yake, akaifuta kwa suruali, akaitia mfukoni.

“Sawa,” akasema. “Nimesikia.”

“Umesikia nini? Wewe! Rudi!”

Akaenda. Nikabaki na drili mkononi kama mtu aliyefumaniwa. Nikamtumia meseji: “Rudi bana. Ni mbuzi tu.”

Jibu likaja: “Si mbuzi tu. Nilikuuliza, umejibu. Sina kinyongo. Kesho asubuhi naenda kwetu Wamunyu kumwambia mjomba asijisumbue.”

Ati aliniuliza? Lini? Na mjomba wake ameingiaje kwa redieta yangu? Nikapiga simu, ikawa imezimwa.

Hapo ndipo Mama Wavinya, jirani yangu wa saluni, alipoingia kuchukua simu yake aliyoacha kwa chaji. Macho yake yakatua kwa kile kibao.

“Uuuwi! Nani amechumbiwa hapa?”

“Achumbiwe nani?”

“Si hawa ni mbuzi wa ntheo! Mwanangu, kwetu Ukambani kijana akimtaka msichana, watu wake wanapeleka mbuzi watatu kwao. Wakipokewa, msichana ana mwenyewe. Wakikataliwa, kila mtu ashike njia yake. Nani amekuchongea?”

Nikavuta kiti nikakaa.

“Munyoki.”

“Yule mpole wa Majengo? Ghai! Na ukamjibu aje?”

Nikanyoosha kidole kwa lile tundu.

“Nafula!” Akashika kichwa kwa mikono miwili. “Umemtoboa mbuzi wa posa na drili?”

“Mama Wavinya, mimi ni Mbukusu! Mbuzi watatu kwangu ni supu!”

“Na bado umekaa? Kimbia!”

Nikakimbia. Kibao kwapani, aproni kiunoni, nikarukia boda ya kwanza.

“Majengo, kwa wachonga vinyago. Ukienda polepole nitaendesha mwenyewe!”

“Siste, kwani unafukuzwa?”

“Mimi ndiye ninafukuza!”

Nilimkuta anafunga vifaa vyake kwa gunia, vumbi la mbao limejaa nywele. Wazee wachongaji waliponiona na kile kibao waliacha kazi wote. Hapo ndipo nilijua nampenda huyu mtu kiasi cha kulia mbele ya watu, na nikalia kweli.

“Kwa nini hukusema kwa mdomo?” nikafoka huku nalia.

“Mdomo wangu hauwezi. Mikono ndiyo inaweza.”

“Mimi ni wa Bungoma! Ningejuaje? Si ungechonga hata moyo na mshale, vile watu wengine hufanya!”

“Moyo tunachongea watalii,” akasema.

Wazee wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

“Haya. Sasa nimeelezwa. Niulize tena.”

Aliangalia wazee, akaangalia viatu vyake, halafu akaniangalia mimi.

“Nafula. Utawapokea?”

“Nimewapokea! Wote watatu, na huyu mwenye tundu akiwemo!”

Weee! Wazee waligonga patasi zao kwa nyundo mpaka wachuuzi wa nje wakaja kuchungulia. Munyoki alinikumbatia, gunia likaanguka, vifaa vikatawanyika na hakuna aliyejali. Kisha akatia kidole kwa lile tundu.

“Huyu umemchinja hata kabla wazee hawajafika.”

“Nisamehe.”

“Hapana, umenionyesha kitu.” Akainua kibao, akachungulia kwa tundu kama mtu anayetazama mlangoni. “Hewa si inataka kupita? Mbuzi wanabaki. Tunaondoa kila kitu kingine.”

Kabla ya kugusa patasi akawasha simu, akampigia mjomba wake.

“Mjomba, wale mbuzi bado wapo?”

“Si ulisema nisiwatoe zizini mpaka uniambie?”

“Sasa nakuambia. Amekubali!”

“Amekubali?” Sauti ya mzee ilijaa hiyo karakana yote. “Nyinyi vijana mtaniua! Nawatoa sasa hivi!”

Tulianza kazi jioni hiyo hiyo na tukaendelea Ijumaa. Nilishika kibao, yeye akakata mbao katikati ya miguu, chini ya matumbo, kati ya pembe na pembe. Akapunguza unene nyuma, feni zipate nafasi, mpaka nikampigia kelele kwamba atawamaliza. Mbuzi walibaki wamesimama peke yao, hewa imewazunguka. Safari hii nilimpimia redieta na feni pamoja, mara mbili, na akanicheka mara mbili.

“Sukuma,” akaniambia tukiwa tumerudi kibandani.

Nikasukuma. Klik!

“Imeingia!”

“Imeingia?”

“Munyoki, imeingia!”

Tulirukaruka kama watoto. Mama Wavinya alikuja mbio na mteja nyuma yake, nywele zimesukwa upande mmoja. Tukajaza maji, nikafunga tishu kwa kila kiungo nione kama kunavuja. Kavu kabisa. Nikabonyeza swichi. Pampu ikaguna, mapovu yakakimbia ndani ya mabomba, feni zikaamka. Nikaipa mashine gemu nzito kabisa, na joto kwenye skrini likapanda kidogo, likasimama, likaanza kushuka.

Munyoki akasogeza kipande cha tishu mbele ya mbuzi. Feni zikakivuta, kikanata mdomoni mwa dume.

“Ona, anakula!”

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Vijana walijipanga kupiga picha, wengine wakapiga magoti kutazama maji yakipita nyuma ya mbuzi. Nilikuwa juu, nakwambia, mpaka nilipoona ovaroli ya buluu mlangoni. Baba! Mzee Wekulo mwenyewe, ametoka shifti ya kiwanda Industrial Area na kuja moja kwa moja.

“Hii ndiyo mashine?”

“Ndiyo, Baba.”

“Na hawa mbuzi?”

Munyoki akasogea mbele. Nikajua hapa lazima mdomo wake ufanye kazi.

“Mzee, hao ni salamu kutoka kwetu Ukambani. Wenye kutembea wako tayari, ukikubali tuwalete.” Akapumua. “Nampenda Nafula.”

Baba aliinama, akatia kidole kwenye tumbo la dume.

“Huyu alifanywa nini?”

“Ni mimi, Baba.”

“Nilijua ni wewe. Mama yako pia ana mkono kama huo.”

Akazunguka mashine polepole. Alipofika upande ule usio na kioo, akapitisha kiganja juu ya mbao.

“Na huku mmeacha bure?”

“Hapo ni mbao tu, Mzee.”

“Naona ni mbao. Hapa pangetosha ng’ombe. Sisi Bungoma mahari tunaiongea kwa ng’ombe.”

Munyoki akachomoa penseli nyuma ya sikio, akapiga magoti palepale mbele ya watu wote, akaanza kupima. Nikamshikia futi.

“Wangapi, Mzee?”

“Wewe chonga,” Baba akasema, na sasa alikuwa anatabasamu. “Wakitosha nitakwambia.”